Wifi Yangu na Maji Yanayofika Miguuni

"Hivi mama, ni kweli wifi yako anawamwagia farasi maji akiwa pekupeku, au watu wanamsingizia?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo siku moja tukianika nguo, yeye upande wake wa ukuta na mimi upande wangu. Alikuwa amebana kibanio mdomoni, kwa hiyo swali lilitoka nusunusu, lakini nililisikia vizuri. Nikamjibu, "Ni kweli." Akasubiri niendelee. Mimi nikaendelea na shuka zangu. Nilijua nikianza kueleza, nguo zitakauka tukiwa bado tumesimama pale. Na kusema kweli, wakati ule nilikuwa naona haya kidogo. Mwanamke mtu mzima, mwenye wajukuu, anavua viatu mbele ya madaktari na wenye farasi wao, anasimama kwenye tope ubavuni mwa mnyama kama mtoto anayechezea bomba.

Sasa sioni haya tena, na jirani alistahili jibu refu kuliko lile. Basi nalitoa hapa.

Wifi ni dada wa mume wangu, amemtangulia kwa miaka minne. Watoto wangu wanamwita shangazi, kazini wanamwita Mama Ndoo, na mimi namwita wifi, naye ananiita wifi, tumeitana hivyo miaka thelathini bila kuchokana. Anaishi kwenye vyumba viwili vilivyo nyuma ya nyumba yetu, vyenye mlango unaotazama uani. Ukiingia chumba cha mbele utadhani umeingia duka. Ndoo zimetundikwa kwenye misumari ukutani, kuanzia ya lita ishirini hadi kopo la kunawia, na kila ndoo ina msumari wake. Ukikosea kuirudisha, anainuka bila kukusema, anaitoa pale ulipoiweka, anaitundika panapotakiwa, halafu anarudi kukaa. Hiyo ndiyo lawama yake.

Kabla ya farasi alikuwa mfuaji wa hospitali. Miaka kumi na mmoja alisimama kati ya mapipa ya maji yanayochemka na meza za kupigia pasi, na huko ndiko alikolijua joto kama mshonaji anavyoijua nguo. Alikuwa akiniambia kwamba shuka ikitoka motoni ukaikunja haraka, utaikuta jioni ina joto katikati kama mkate. Ukiitandaza inapoa hata kabla hujageuka. Mimi nilikuwa namsikiliza tu kwa sababu ni wifi yangu. Sikujua kama ni elimu.

Hospitali ikanunua mashine, na nusu ya wafuaji wakamwaga unga. Wifi akarudi nyumbani na aproni yake kwenye mfuko, akakaa wiki mbili akisugua sufuria zangu hadi zikaanza kunionyesha uso. Kisha akasikia kwamba banda la farasi lililo mwisho wa mji linatafuta mtu wa kufua vitambaa vya kuweka chini ya matandiko. Mwenye banda watu wote wanamwita Tajiri, ingawa paa la ofisi yake linavuja na gari lake huwashwa kwa kusukumwa. Akamchukua.

Hapa lazima nieleze mbio zenyewe, maana wengi wakisikia mbio za farasi wanafikiria dakika mbili za vumbi na kofia nzuri. Hizi si hizo. Hizi ni kilomita themanini, milima na mabonde, farasi na mpandaji wake tangu alfajiri hadi alasiri. Njia imekatwa vipande, na kila kipande kinaishia kwenye kituo. Farasi akifika kituoni anapewa dakika ishirini ili moyo wake utulie hadi mapigo sitini na manne kwa dakika, au chini ya hapo. Daktari wa mifugo anaweka chombo chake cha kusikilizia nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, anahesabu. Yakizidi, mnaruhusiwa kumrudisha mara moja zaidi kabla dakika ishirini hazijaisha. Yakizidi tena, siku yenu imekwisha, hakuna kubembeleza.

Na siku za jua kali, kinachozuia moyo usitulie ni joto. Farasi ni nyama nyingi. Ni kama sufuria kubwa iliyojaa: umeiepua, lakini saa nzima bado huwezi kuishika. Kumweka kivulini peke yake hakutoshi. Asipopozwa, misuli inakakamaa, figo zinaharibika, anaweza kulala chini asiinuke tena. Kwa hiyo wale watu unaowaona na ndoo hawamwogeshi ili apendeze.

Siku ya kwanza wifi alikwenda mbioni kubadilisha vitambaa tu. Akawaona wanaume wa banda wakimmwagia farasi ndoo mbili mgongoni, maji yaliyoachwa juani makusudi yapate uvuguvugu, kisha wakamfunika mataulo yaliyoloa, wakaenda kunywa soda. Tajiri aliamini kwamba maji baridi yakigusa misuli ya moto, misuli inakaza. Baba yake aliamini hivyo na babu yake pia. Wifi akagusa taulo. Akalivuta, likaanguka chini.

"Wewe mama wa vitambaa," Tajiri akasema, "nani kakuambia umvue?"

"Hili taulo lina joto kuliko farasi mwenyewe. Mmemfunika blanketi."

"Hilo ni taulo bichi."

"Lilikuwa bichi, Tajiri. Sasa limeiva."

Daktari alikuwa karibu, mwanamume mwembamba ambaye miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Aliwahi kunisimulia mwenyewe jinsi alivyojizuia kucheka. Akamwambia Tajiri, "Mwache ajaribu. Ana mapigo sabini na sita, na mimi sijapata kumwona farasi aliyekakamaa kwa maji baridi. Nimewaona waliokakamaa kwa joto."

Wifi akatafuta maji baridi. Hayakuwapo. Akafungua sanduku la soda za Tajiri, akachota barafu yote, akaitia kwenye pipa. Akammwagia farasi shingo, kifua, tumbo, mapaja kwa ndani, pande zote mbili, bila kupumzika, kopo likifuatwa na kopo. Baada ya dakika nane daktari alihesabu sitini. Tajiri alikunywa soda ya moto siku ile. Wiki iliyofuata alimwambia vitambaa atavifua mtu mwingine.

Hivyo ndivyo ndoo zilivyoanza kuhamia ukutani.

Mimi nilianza kumfuata mbioni baadaye, mwanzoni kwa kumpelekea chakula, kisha kwa kumsaidia kubeba maji. Nilimwona anavyofanya. Haachi kitambaa juu ya farasi hata kwa sekunde. Maji yakikaa kwenye manyoya yanapata moto, kwa hiyo anayafukuza kwa maji mengine, na yakiwa machache anayakwangua kwa kiganja ili mengine yapate nafasi. Anaanzia chini ya taya, pale mshipa mkubwa unapopita. Farasi akitaka kunywa anamwachia anywe. Akitaka kusogea, anamsogeza hatua chache kuelekea upepo. Na muda wote anazungumza naye kwa sauti ya chini, maneno ambayo mengi ni sala na mengine ni umbea wa nyumbani kwetu.

Lakini kumwaga maji hata mimi naweza. Ugumu uko kwenye kujua lini yametosha. Ukimpeleka kwa daktari mapema, umepoteza nafasi moja kati ya mbili. Ukichelewa, dakika zimekwenda. Wengine wana vipimo vya kielektroniki. Wifi alikuwa na miguu.

"Kwa nini usitumie mikono?" nilimuuliza.

"Mikono yangu inashinda kwenye barafu, wifi. Ikitoka hapo kila kitu inakiona cha moto. Hata wewe ingekuona una homa."

Kwa hiyo alivua viatu, akasimama karibu kabisa na ubavu wa farasi, na maji yaliyomwagwa juu yakapita kwenye mbavu, yakazunguka tumbo, yakaanguka juu ya miguu yake. Yanapanda baridi na yanashuka ya moto, kwa sababu yamebeba joto la ndani. Mwanzo yanashuka kama chai iliyosahauliwa mezani. Baadaye kama maji ya kumwogeshea mtoto. Mwisho yanashuka vilevile yalivyopanda. Hapo wifi anavuta pumzi kumi, taratibu, akihofia yasiwe yamemdanganya, kisha anasema neno moja: "Mpelekeni." Miaka tisa, hakuna farasi wa banda lile aliyerudishwa kuhesabiwa mara ya pili.

Watu walimcheka, sana tu. Mwenye banda la jirani alizoea kumpigia kelele kutoka upande wa pili wa kituo, "Mama Ndoo, leo viatu vimeibiwa?"

"Nimevituma vikamtafute farasi wako," wifi alimjibu bila kugeuka. "Naona hajafika."

Nyumbani, kila siku baada ya mbio, nilikuwa nampashia maji kwenye beseni aweke miguu, tukapiga soga hadi magharibi. Ilikuwa desturi yetu wenyewe, yake na yangu. Na ni kwenye beseni hilo ndipo nilipogundua.

Nilikuwa nimemimina birika lote kwenye beseni, nikaenda bombani kuchukua maji baridi ya kuchanganyia. Bombani nikamkuta jirani, yuleyule, na jirani hana salamu fupi. Niliporudi wifi alikuwa ameshatia miguu yote miwili, ameinamia hatamu iliyokatika, anaishona.

"Leo maji umeyapoza mno," akaniambia.

Nikachovya kidole na kukitoa papo hapo. Nikamshika vifundo, nikamvuta miguu nje na maji yakanimwagikia. Ngozi ilikuwa nyekundu, imeanza kuvimba malengelenge. Yeye aliitazama miguu ile kama unavyotazama miguu ya mtu mwingine aliyelala kwenye benchi.

"Huumii?"

"Naumia kwa kuiona," akasema.

Zahanati walipima damu, wakakuta sukari iko juu, na inaonekana ilikuwa juu kwa muda mrefu. Muuguzi akachukua sindano isiyo kali, akamwambia wifi afumbe macho, akamgusa vidole vya miguu. Hakusikia. Nyayo, hakusikia. Akaambiwa avae viatu vilivyofunika mguu, ajikague kwa kioo kila siku, na asitembee pekupeku tena, si ndani wala nje.

Tukiwa njiani kurudi alinishika mkono. "Mbio zinakuja baada ya miezi miwili. Usimwambie mume wako."

"Na Tajiri?"

"Tajiri ndiye hasa usimwambie."

Sikumwambia mtu. Nilidhani namstahi. Nilisali nikimwomba Mungu amrudishie miguu yake, na sikuomba hata mara moja nipate ujasiri wa kumwambia asiende. Malengelenge yalipona. Yeye akawa anasema ganzi imepungua, kwamba vidole ndivyo vilivyolala lakini juu ya mguu bado anasikia. Nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini.

Siku ya mbio tulikwenda na Tangawizi, farasi jike mwekundu, mwembamba wa miguu, mpole kama nini. Mpandaji wake alikuwa binti wa Tajiri, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akimzoeza kila asubuhi kwa miaka miwili kabla ya kwenda darasani. Kituo cha kwanza kulikuwa na ubaridi wa asubuhi bado, hata mimi ningefaulu. Lakini saa sita mchana, kituo cha pili, jua lilikuwa limesimama wima juu yetu, upepo umekufa, na chuma cha uzio hukigusi. Tangawizi alifika pua zimetanuka, mishipa imesimama usoni na shingoni kama kamba chini ya kitambaa. Farasi wawili waliomtangulia walikuwa wameshatolewa. Mmoja alikuwa ametundikiwa chupa ya maji mshipani, miguu inamtetemeka.

Tukavua tandiko. Wifi akavua viatu. Akaanza.

Nilikuwa nampokeza makopo, sikuangalia saa, lakini nilijua hatujafika mbali kwa sababu pipa lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu. Ndipo nikamsikia anavuta pumzi zake kumi.

"Mpelekeni."

"Tayari, mama?" binti akauliza. Naye alishangaa.

"Yamepoa."

Wakampeleka. Daktari akaweka chombo, akahesabu. Akarekebisha miwani, akahesabu tena, jambo ambalo hakuwa na lazima ya kulifanya. "Mama Ndoo," akasema kwa sauti ndogo, "sabini na mbili."

Kituo kizima kilisikia. Yule mwenye banda la jirani alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, na hakusema neno la mzaha. Hilo liliniuma kuliko kama angesema.

Tulikuwa tumetumia dakika tisa. Zimebaki kumi na moja, na nafasi moja.

"Jua la leo si la kawaida," Tajiri akasema, akimrudisha farasi mwenyewe. "Si kosa lako. Mwongeze maji kidogo tumrudishe."

Pale pale ndipo nilipomjua wifi yangu, baada ya miaka thelathini ya kudhani namjua. Udhuru alikuwa ameshapewa, umefungwa vizuri, akabidhiwa mkononi. Jua. Watu wote wangekubali, maana jua lilikuwepo. Angeweza kukisia, ndoo kumi zaidi, kumi na tano, na pengine angepatia. Mtu pekee aliyejua nilikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimeshakubali kunyamaza. Aliniangalia mara moja, akamwangalia Tangawizi, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa hadi karibu na magoti.

Akaweka kopo chini.

"Tajiri, si jua. Miguu yangu imekufa."

"Imekufaje?"

"Nina sukari. Sisikii moto wala baridi, sasa miezi miwili. Nimesema yamepoa bila kujua kama yamepoa. Nimemsemea farasi uongo, na yeye hawezi kukanusha."

Binti wa Tajiri akaingilia. "Mama, tufanye nini? Dakika zinakwenda."

Wifi alikuwa ameshanigeukia. "Wifi, vua viatu."

"Mimi?"

"Kwani nina wifi mwingine hapa? Vua. Na soksi."

Nilikuwa nimevaa sketi yangu nzuri. Niliwatazama watu wote wale, wenye kofia, wenye kalamu, wenye kamera. Nikavua. Tope lilikuwa la uvuguvugu na lilipenya katikati ya vidole. Wifi akanishika mabega, akanisogeza hadi ubavu wa Tangawizi ukawa unanigusa kifuani. Niliusikia moyo wake kwenye mbavu zangu, unakwenda mbio.

Akaanza kumwaga. Maji yakanishukia.

"Sema."

"Ya moto."

"Moto wa nini? Nisemee vizuri."

"Kama chai iliyokaa."

"Haya." Kopo. Kopo. Kopo. Akamwita Tajiri bila kumtazama. "Nataka maji. Barafu yote." Na Tajiri, mtu wa miaka sitini na kitambi, alikimbia na ndoo mbili, akakimbia tena, akakimbia tena. Mwenye banda la jirani aliinuka kwenye kiti chake, akabeba sanduku lake la barafu, akaja kulimwaga kwenye pipa letu, akarudi kukaa.

"Sasa?"

"Kama ya mtoto. Ya kuogeshea."

"Sasa?"

"Vuguvugu."

"Sasa?"

Binti akasema, "Mama, zimebaki dakika nne. Kwenda kwa daktari ni dakika nzima."

Nitasema ukweli, maana hakuna faida ya kuandika haya nikiuficha. Nilitaka kusema yamepoa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nilimwonea huruma wifi, nilimwonea huruma yule mwalimu, na tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo, ya kufikirika, kama tofauti ya maji ya mtungi na maji ya bombani. Nani angejua. Lakini alikuwa amesimama mbele yangu mtu aliyetoka kujivua nguo mbele za watu kwa sababu ya neno hilohilo.

"Bado," nikasema.

Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona meno yake. "Ehe," akasema. "Hivyo." Akaendelea kumwaga.

Kisha yakaja. Yalinipiga juu ya mguu baridi vilevile yalivyotoka kwenye kopo, nikashtuka, nikasema yamefika. Nilidhani atanihurumia, lakini alinihesabisha pumzi kumi, zote, mpandaji akikanyagakanyaga pale kama aliyebanwa na haja.

"Mpelekeni."

Daktari alihesabu. Mimi nilikuwa natazama miguu yangu. "Sitini na moja," akasema. Akamkagua fizi, akasikiliza tumbo, akamwona akikimbia hatua chache kwenda na kurudi. Akampitisha.

Wifi alimwambia binti amwendeshe Tangawizi polepole kipande cha mwisho, asimshindanishe na mtu. Kituo cha mwisho nilisimama tena, safari hii bila kuambiwa nivue soksi. Kati ya farasi kumi na saba walioanza, waliomaliza ni wanane, naye alikuwa wa saba. Alikula majani yake yote jioni ile, akapiga kwato akitaka mengine.

Wakati tunapakia vitu daktari alimvuta Tajiri pembeni, lakini hakusogea naye mbali vya kutosha. Nilimsikia akisema kwamba sabini na mbili ilikuwa bahati. Kuna farasi ambao mapigo hushuka mapema huku nyama bado inaungua ndani. Angekuwa mmoja wao, angepita, angerudishwa njiani na joto lake, na angeanguka huko kilomita ya sitini mahali ambapo hakuna ndoo. Wifi naye alisikia. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari, amevaa viatu, ameifunga kamba mara mbili.

Nyumbani alimweleza kaka yake mwenyewe, na mume wangu alikasirika kwa siku tatu, siku moja kwa ajili yake na mbili kwa ajili yangu, maana alisema mimi ndiye mwenye miguu mizima na bado sikukimbia kuja kumwambia.

Siku ya nne Tajiri akaja. Alibisha hodi kwa wifi, akaketi kwenye kigoda chini ya ndoo, magoti yakamfika kifuani. Mimi nilikuwa nimeleta chai, nikabaki. Wifi alikuwa ameshakunja aproni yake, ameiweka kitandani pamoja na funguo za stoo ya banda, tayari kukabidhi. Tajiri aliviona. Alizungusha kikombe muda mrefu.

"Nilikasirika," akasema. "Sitakudanganya. Miezi miwili unanificha, na farasi wangu yuko mikononi mwako."

"Ulikuwa na haki."

"Kisha nikawaza. Kama ungesema ni jua, ningekubali hadi naingia kaburini. Ulinifungulia mlango wa kukufukuza na mimi sikuwa hata nimebisha." Akanywa chai. "Sasa nimekuja uniambie unachotaka. Ukitaka kupumzika, sema. Ukitaka kurudi kwenye vitambaa, kazi ipo. Chochote utakachosema, nitakifanya."

Wifi akainuka, akaitoa ndoo ndogo niliyokuwa nimeitundika kwenye msumari usio wake, akairudisha kwenye msumari wake, akakaa. Tajiri alinitazama mimi, mimi nikatazama sakafu.

Kisha wifi akasema:

"Naomba kiti. Kiwe karibu na pipa, nikae nikiwa na viatu vyangu, nimwage maji nilipo. Na mbele yangu asimame mtu ambaye miguu yake inasikia. Mimi nikisema yamepoa, na yeye akisema bado, naomba msikilizwe yeye."